Ua la Plastiki Halinywi Maji, Lakini Lataka Macho

   Sogeza kiti, mpakate mtoto, tuzungumze.

Leo sizungumzii chanjo wala uji wa wimbi. Nataka tuzungumze juu ya ule mmea ulio katika kona ya sebule yako, ule ulio kijani kibichi kuanzia Januari hadi Disemba, usionyauka wala kuomba maji. Naam, maua ya plastiki. Pengine utauliza, "Nesi, maua ya plastiki yanahusu nini na afya?" Nisikilize kwanza.

Nitaanza na kisa kilichotokea nyumbani kwangu mwenyewe, usije ukadhani nimekuja kukusuta.

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi kumi, ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Jumamosi moja nilinunua sokoni chungu kidogo cha maua ya bandia. Kilikuwa na majani membamba na vijitunda vyekundu, vya ukubwa wa buni mbivu. Nilikiweka juu ya stuli karibu na televisheni, nikatandika chini yake kitambaa cha kufuma alichonipa mama yangu. Majirani walikisifu, nami nikaona nyumba imependeza.

Jumatano jioni nilikuwa jikoni nikichuja chai. Ghafla nikasikia kimya. Mama yeyote anakijua kimya hicho. Mtoto akilia, unajua yuko. Mtoto akinyamaza, nenda ukatazame. Nilimkuta ameketi chini, mdomo wazi, macho yamemtoka, sauti haitoki. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Nimewafundisha akina mama wengi la kufanya wakati kama huo, lakini siku hiyo mikono yangu mwenyewe ilitetemeka. Nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, nikampiga mgongoni. Pigo la tatu, kijitunda chekundu kikaanguka kwenye mkeka, na mtoto akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Siji kukuambia utupe maua yako. Nakuja kukuonyesha jinsi ya kuyaweka ili yabaki kuwa pambo.

KWA NINI TUNAYAPENDA

Tuseme ukweli, maua haya yana sababu zake. Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga, chumba kimoja au viwili, dirisha moja, na jua haliingii. Maji yenyewe yananunuliwa kwa mtungi. Ni nani atakayemwagilia maua kabla ya kupika na kuoga?

Tena maua ya bandia yana faida moja mahali penye mtoto mdogo. Mimea halisi mingine ina sumu. Kuna ule wenye majani makubwa yenye madoa meupe, uitwao Dieffenbachia, ambao watu wengi huuweka ndani kwa urembo. Mtoto akiutafuna, mdomo na ulimi huwaka moto na kuvimba. Jani la plastiki halina utomvu wa namna hiyo. Kwa hiyo mama aliyeondoa mmea wa sumu akaweka wa bandia hakukosea.

Kosa letu ni kufikiri kwamba kwa kuwa ua si hai, basi halihitaji kuangaliwa.

KETI CHINI UTAZAME

Baada ya siku ile nilifanya jambo ambalo nakuomba nawe ulifanye leo. Niliketi sakafuni, kisha nikatambaa kama mtoto. Nyumba niliyoiona kutoka huko chini ilikuwa nyumba nyingine. Niliona kitambaa kinaning'inia kutoka kwenye stuli, kikimwita mtoto akivute. Niliona vijitunda vingine viwili vimeingia chini ya kochi. Niliona waya umechomoza kwenye shina la ua. Mtu aliyesimama havioni vitu hivyo. Anayetambaa anaviona vyote, na kila anachokiona hukitia mdomoni. Huo si utundu, ndivyo anavyojifunza.

Ukiwa hapo chini, angalia mambo haya.

Kwanza, vitu vidogo. Vuta kila kijitunda, ua na jani kwa mkono wako. Kinachong'oka kwako, kitang'oka kwa mtoto. Tazama pia ndani ya chungu. Vingi vimejazwa kokoto za rangi, gololi za kioo au vipande vya sponji ngumu nyeupe. Kuna kipimo rahisi: chukua lile bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita ndani ya bomba hilo kinaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kiondoe.

Dawa ya kokoto ni rahisi. Zitoe zote, jaza chungu mchanga mkavu, kisha funika juu kwa saruji kidogo iliyochanganywa na mchanga. Ikikauka inashika shina imara, wala hakuna cha kuokota. Ifanyie kazi hiyo nje, mtoto akiwa mbali, kwa maana saruji mbichi huunguza ngozi na macho.

Pili, betri. Siku hizi kuna maua ya bandia yenye vitaa vidogo. Mengine hutumia betri ndogo bapa, ya mviringo, inayong'aa kama kifungo cha koti. Mama, hii ni hatari kuliko kokoto. Ikikwama kwenye umio, inaweza kuuchoma vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Kama kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu, usilete ua hilo kwenye nyumba yenye mtoto. Na kama unashuku mtoto amemeza betri, usingoje kuona dalili wala usimtapishe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uwaambie kwamba ni betri.

Tatu, uzito. Chungu cha udongo au cha saruji kikianguka kutoka juu ya kabati kinaweza kumjeruhi mtoto vibaya kichwani. Usikiweke juu ya kitambaa kinachoning'inia wala kwenye stuli yenye miguu miembamba. Chungu kizito kikae sakafuni, konani, kikiwa kipana chini. Kile chepesi kikae juu kabisa, mbali na ukingo. Mtoto akiangukiwa na kitu kichwani kisha akazimia, akatapika mara kwa mara, akasinzia kuliko kawaida au akapata degedege, mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Nne, moto. Plastiki na kitambaa hushika moto upesi. Usiweke maua karibu na koroboi, mshumaa, jiko au waya wa umeme uliochunika. Stima zikipotea usiku, watu wengi huweka mshumaa pale pale kwenye meza ya maua. Chagua mahali pengine pa mshumaa mapema, kabla ya giza.

MTOTO AKIKABWA NA KITU

Soma sehemu hii mara mbili, na umsomee yule unayemwachia mtoto.

Kama mtoto anakohoa kwa nguvu au analia, hewa inapita. Mwache akohoe, kaa naye, usimpige mgongoni. Lakini kama hawezi kulia wala kukohoa, au midomo inabadilika rangi, anza kazi mara moja huku ukiita watu.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, na ushike taya lake. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ngumu ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono. Kama kitu hakijatoka, mgeuze alale chali, kichwa kikiwa bado chini, umbonyeze mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, kwa sehemu hiyo hiyo ya kiganja. Rudia mgongo 5, kifua 5, mpaka kitu kitoke. Usimbonyeze mtoto huyu tumboni.

Mtoto aliyepita mwaka mmoja: mwinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega. Kama bado, piga magoti nyuma yake, mzungushie mikono, kunja ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, kisha vuta ndani na juu kwa nguvu mara 5. Rudia mgongo 5, tumbo 5.

Mtoto akizimia, mlaze chali mahali pagumu, umsukume kifua kwa nguvu na kwa haraka, na umpulizie pumzi kama ulifunzwa, huku mwenzako akitafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Usitie kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi. Usimpe maji, mafuta wala ndizi ya kusukuma. Usimning'inize kwa miguu. Na hata kitu kikitoka, mpeleke akaangaliwe, hasa kama ulimbonyeza kifua au tumbo, au kama anaendelea kukohoa na kukoroma kifuani. Huenda kipande kimebaki kwenye mapafu.

VUMBI

Ua halisi huota majani mapya. La plastiki hubaki na majani yale yale, na kila siku linapokea vumbi. Ukipitisha kidole juu ya jani utaona. Vumbi halimfanyi kila mtu mgonjwa, lakini kwa mtoto mwenye pumu, au anayepiga chafya na kuwashwa na macho, linaweza kuamsha ugonjwa.

Niliwahi kumtembelea mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa akikohoa kila usiku. Dawa alikuwa akipewa vizuri. Nilipoinua macho nikaona maua ya kitambaa yametundikwa ukutani, juu kabisa ya mahali mtoto anapolala, yamegeuka kijivu. Jiko la makaa nalo lilikuwa likiwashwa mle mle ndani. Tuliondoa maua, tukatoa jiko nje, tukafungua dirisha. Sikumwambia aache dawa, na wewe usiache. Dawa na usafi huenda pamoja.

Kila wiki futa majani kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kikavu au fagio la manyoya hurusha tu vumbi hewani. Mara moja kwa mwezi toa maua ya plastiki nje, yaoshe kwenye beseni kwa maji na sabuni, yasuuze, yakauke kivulini. Maua ya kitambaa yasiloweshwe sana, kwa sababu yakirudishwa ndani na unyevu yataota ukungu. Usiyapulizie manukato wala dawa ya wadudu. Na mahali mtoto anapolala, usiweke maua kabisa.

MAJI YALIYOSIMAMA

Wengine hutia maji kwenye chombo cha maua ya plastiki ili kisianguke, au ili yaonekane kama halisi. Wengine huweka vyungu vyao barazani na mvua ikavijaza. Hapo tumemkaribisha mbu.

Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hupenda vyombo vidogo vya maji karibu na watu, na huuma mchana. Chikungunya iliwasumbua watu wa Lamu na Mombasa mwaka wa 2004, ikarudi Mombasa mwishoni mwa 2017. Dengi nayo ililipuka Mombasa mwaka wa 2013. Ndugu zetu wa bara nao wasilale, maana mwaka wa 2022 mbu mwingine, Anopheles stephensi, alipatikana Marsabit. Huyu hueneza malaria, naye huzaana hata katika vyombo vya maji mijini.

Yai la mbu hugeuka mbu mzima kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi kukiwa na joto. Kwa hiyo ua la plastiki lisitiwe maji, litiwe mchanga. Chungu cha nje kitobolewe chini. Na kama una maua halisi kwenye maji, badilisha maji kila wiki na usugue kingo za chombo, kwa sababu mayai ya Aedes hushikamana hapo na huweza kukaa makavu kwa miezi.

UA LIKIZEEKA

Plastiki nayo huzeeka. Jani lililopigwa na jua miaka mingi hupasuka na kutoa unga. Baadhi ya plastiki, hasa ile iitwayo PVC, imekuwa ikitengenezwa kwa kutiwa madini ya risasi ili istahimili joto na jua. Wengi wetu tulisikia juu ya risasi kutoka kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watu, watoto wakiwamo. Ua moja si kiwanda, usiingiwe na hofu. Lakini risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa macho huwezi kujua ua lipi linayo. Kwa hiyo ua linalotoa unga au kuvunjikavunjika lisikae ndani. Futa mahali lilipokuwa kwa kitambaa chenye maji, na unawe mikono, wewe na mtoto.

Kisha lipeleke kwenye taka zinazochukuliwa. Tafadhali mama, usiliwashie jiko. Najua plastiki hushika moto upesi na makaa yakakubali. Lakini moshi wake una sumu, huwasha macho na koo, na anayeuvuta zaidi ni yule mtoto uliyembeba mgongoni.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

"Nesi, si afadhali maua halisi, kwani husafisha hewa ya nyumba?"

Habari hiyo ilienea baada ya uchunguzi wa shirika la anga la Marekani, NASA, mwaka wa 1989. Lakini mimea ile iliwekwa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Katika nyumba ya kawaida ungehitaji mimea mingi mno hata ukose pa kukaa. Anayesafisha hewa ni dirisha. Lifungue, na usilizibe kwa ua lolote, liwe halisi au la bandia.

"Mwanangu amemeza kijitunda cha plastiki lakini yuko sawa. Nimpe dawa ya kuharisha?"

Usimpe. Kama anapumua vizuri, anakula na hana maumivu, kitu kidogo laini kwa kawaida hutoka na choo baada ya siku chache. Mpeleke hospitali akianza kutapika, kutokwa na mate mengi, kukataa kumeza, kuumwa na tumbo, kupata homa au kutoa choo chenye damu. Kama alichomeza ni betri, waya au kitu chenye ncha, mpeleke sasa hivi.

"Mume wangu alininunulia maua hayo. Nikiyaondoa atakasirika."

Usiyaondoe. Mwite aketi nawe sakafuni, myavute pamoja vijitunda hivyo. Akiona kinavyong'oka, yeye ndiye atakayetafuta saruji.

TUKUMBUKE

Vuta kila kipande, na kinachong'oka kiondolewe. Ua lenye betri isiyofungwa kwa skrubu lisiingie ndani. Vyungu vizito vikae chini, na vitambaa visining'inie. Maua yakae mbali na moto. Futa kila wiki, osha kila mwezi. Tia mchanga, usitie maji. Ua lililochakaa litupwe, lisichomwe.

Chungu changu bado kiko sebuleni. Kina majani tu, vijitunda vyote nilivikata kwa makasi jioni ile ile, na juu ya mchanga kuna saruji ngumu. Mwanangu huyo sasa yuko shuleni, na hakumbuki lolote. Mimi nakumbuka, na kila nikipita pale hutazama chini kwanza.

Leo jioni, kabla ya kuwasha jiko, keti sakafuni dakika tano tu, uitazame nyumba yako kama anavyoiona mwanao.